Tuijue Bahari Yetu: Meli ya Kupima Milima Iliyo Chini ya Maji

Je, umewahi kuokota ufuoni jiwe jepesi lenye matundu, lile ambalo watu hulitumia kusugulia nyayo? Ukilitia majini, linaelea. Jiwe hilo halikuzaliwa Mafia. Mafia haina mlima wa moto. Hata kuta za magofu ya Kua, kule Juani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Jiwe linaloelea huzaliwa na volkano, yaani mlima unaotoa moto. Mlima wa Krakatau huko Indonesia ulipolipuka mwaka 1883, mawe ya namna hiyo yalielea yakavuka Bahari ya Hindi yote. Mwaka uliofuata yalifika Zanzibar.

Mwezi huu tuzungumze juu ya volkano na milima mingine iliyo chini ya maji, na juu ya meli zinazokwenda kuipima. Huenda mvuvi wa Jibondo au mwenye minazi wa Kirongwe atasema kuwa jambo hili halimhusu. Lakini tukumbuke usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020. Yapata saa 2 usiku ardhi ilitikisika. Tetemeko lile lilitoka chini ya bahari, kaskazini ya Mafia, upande wa kuelekea Dar es Salaam. Nguvu yake ilikuwa karibu 6 kwa kipimo cha matetemeko. Watu walilisikia Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, hata Nairobi. Kwa hiyo chini ya bahari yetu kuna mambo, na ni vizuri tuyajue.

KISIWA KILICHOTIKISIKA

Hebu kwanza tutazame yaliyowapata jirani zetu. Kisiwa cha Maore, ambacho wengine hukiita Mayotte, ni kimoja cha visiwa vya Komoro. Kiko chini ya utawala wa Ufaransa, na serikali ya Komoro inakidai. Kutoka Mafia hadi huko ni zaidi ya kilometa 800 upande wa kusini-mashariki.

Tarehe 10 Mei, 2018, kisiwa hicho kilianza kutikisika. Siku tano baadaye likaja tetemeko kubwa kuliko yote, lenye nguvu karibu 6. Halafu matetemeko hayakukoma. Yalikuja usiku na mchana, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Nyumba zilipata nyufa. Watu waliuliza: kuna nini? Wataalam hawakuwa na jibu la hakika, kwa sababu vyombo vyao vilikuwa vichache, na vilikuwa nchi kavu. Chini ya bahari hapakuwa na hata kimoja.

Kisha wakaona ajabu nyingine. Kisiwa chenyewe kilikuwa kinasogea na kuzama. Kwa muda wa miaka miwili hivi, kilisogea sentimeta 20 hivi kuelekea mashariki, na kikashuka zaidi ya sentimeta 10. Kwa mtu wa bara, sentimeta 10 si kitu. Lakini mtu wa pwani anajua maana yake. Maji ya bamvua yalianza kufika mahali ambapo zamani hayakufika.

Februari, 2019, wataalam walishusha vyombo vya kusikiliza matetemeko hadi chini ya bahari. Mwezi wa Mei meli kubwa ya utafiti, Marion Dufresne, ikaenda kuvitoa na kupima kina. Kilometa 50 mashariki ya Maore, mahali penye kina cha meta 3,500, ikakuta mlima. Mlima huo ulikuwa na urefu wa meta 820 kutoka chini ya bahari. Ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, au pungufu. Ukipita juu yake kwa mashua huoni kitu, maana kilele chake kiko zaidi ya meta 2,500 chini yako. Siku hizi unaitwa Fani Maore. Uliendelea kumwaga uji wa mawe ya moto hadi mwanzoni mwa mwaka 2021.

Sasa sikiliza jambo kubwa katika habari hii. Wataalam walijuaje kuwa mlima ule ni mpya? Walijua kwa sababu mahali pale palikuwa pamepimwa miaka michache kabla. Katika ramani ya mwaka 2014 hapakuwa na mlima. Bila ramani ile ya zamani, wangesema tu: "Tumeona mlima," na wasingejua kama umezaliwa jana au miaka milioni iliyopita. Ndiyo sababu meli hupima bahari hata wakati hakuna tetemeko wala hatari yoyote.

KOROBOI NA BATI

Milima hii inatoka wapi? Fanya jaribio dogo nyumbani. Washa koroboi. Shika kipande cha bati juu ya moto wake kwa muda. Utaona alama nyeusi ya masizi. Vuta bati kidogo, kisha shika tena. Utapata alama ya pili. Vuta tena, utapata ya tatu. Mwishoni bati lina mstari wa alama. Koroboi haikuhama. Kilichohama ni bati.

Dunia nayo ina mahali pa moto kama hiyo koroboi. Mahali hapo, moto wa chini sana hupanda na kutoboa gamba la dunia. Gamba nalo halikai pale pale. Linasogea polepole, sentimeta chache kwa mwaka, pengine polepole kuliko ukucha wako unavyokua. Kwa hiyo mlima unazaliwa, unasogezwa, unazimika, na mwingine unazaliwa nyuma yake. Baada ya miaka mamilioni unapatikana mstari wa milima, kama nyayo za mtu mchangani.

Katika Bahari ya Hindi nyayo hizo zinaonekana vizuri. Leo moto uko katika kisiwa cha Réunion, ambako volkano bado inawaka. Jirani yake ni Mauritius, ambako mawe yana umri wa miaka milioni 8 au 9. Ukifuata nyayo kwenda kaskazini unafika Maldivi. Huko milima ya moto ilizama zamani na matumbawe yakaota juu yake. Mwisho wa njia ni Bara Hindi, ambako mawe ya volkano yana umri wa miaka milioni 66 hivi. Mwaka 1987 meli ya JOIDES Resolution ilitoboa chini ya bahari katika njia hiyo na kutoa mawe. Wataalam waliona kuwa kadiri unavyokwenda kaskazini, mawe yanazidi kuwa na umri mkubwa.

Je, Komoro nako ni hivyo? Mwaka 1982 wataalam wawili, Emerick na Duncan, walichapisha umri wa mawe ya visiwa hivyo. Maore, ulio mashariki, ni mkongwe. Ngazija, ulio magharibi, ni kijana, na mlima wake wa Karthala bado unawaka. Ulilipuka mwaka 2005 na miaka iliyofuata. Basi wakasema kuwa hizi ni nyayo za koroboi, na koroboi sasa iko Ngazija.

Maelezo hayo yalipendeza. Lakini mwaka 2018 moto haukutoka Ngazija. Ulitoka kando ya Maore, kisiwa kikongwe kuliko vyote! Ni kama mtu aliyehama nyumba zamani, kisha ukaona moshi unafuka katika jiko la nyumba ile ya kwanza.

Kwa hiyo wengine wanatoa maelezo mengine. Wanasema kuwa gamba la Afrika ya Mashariki linapasuka. Ufa huo tunaujua huku bara. Ndio Bonde la Ufa, lenye Oldonyo Lengai upande wa Arusha na mlima Rungwe upande wa Mbeya. Wataalam hao wanaamini kuwa nyufa zinaendelea hadi baharini, na moto hupenya humo. Mwaka 2022 walichapisha matokeo ya vipimo vipya vya bahari ya Komoro. Walihesabu zaidi ya milima na vilima 2,200 vya volkano chini ya maji. Kundi moja la milima hiyo wamelipa jina la Mwezi, neno ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Kundi jingine liko kaskazini ya Ngazija, yaani upande wa kuelekea kwetu.

Ni koroboi au ni ufa? Wataalam bado wanabishana, na wako wanaosema kuwa yote mawili yapo. Ubishi huu hauwezi kumalizwa mezani. Lazima mtu aende akachukue mawe.

HESABU ZA SAFARI

Basi tuseme meli ya utafiti inataka kuja kupima milima iliyo mashariki ya Mafia. Safari kama hiyo hupangwaje?

Kwanza wanahesabu siku. Meli kubwa ya utafiti hugharimu makumi ya maelfu ya dola kila siku, iwe inafanya kazi au imekaa bure. Kwa hiyo kila saa ina hesabu yake.

Mvuvi wa mshipi hujua kina kwa chubwi. Manahodha wa zamani walitumia bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba. Lakini penye kina cha meta 3,000, yaani zaidi ya pima 1,600, kamba itakuchosha. Meli ya utafiti hutumia sauti. Chombo kilicho chini ya meli hupiga mlio. Mlio unashuka, unagonga chini, unarudi. Ndani ya maji sauti hukimbia meta 1,500 hivi kila sekunde. Mlio ukirudi baada ya sekunde 4, umesafiri meta 6,000: 3,000 za kushuka na 3,000 za kupanda. Kina ni meta 3,000. Je, ukirudi baada ya sekunde 2, kina ni meta ngapi? Jaribu kabla hujasoma mbele. Jibu ni meta 1,500.

Chombo hicho hakipimi mahali pamoja tu. Hupiga milio mingi kwa upana, kulia na kushoto. Penye kina kirefu hupima ukanda wa kilometa 10 hivi kwa mara moja. Meli huenda na kurudi kama mkulima anayelima tuta kwa tuta. Tuseme eneo lina kilometa 100 kila upande. Ikibidi kanda zipandiane kidogo ili pasiachwe pengo, meli itapita mara 12. Mara 12 kwa kilometa 100 ni kilometa 1,200. Mwendo wake ni kilometa 18 kwa saa. Gawanya, utapata saa 67 hivi, karibu siku 3 usiku na mchana bila kusimama. Hapo hujahesabu safari ya kutoka bandarini wala siku ya bahari mbaya.

Kazi ya mawe ni ngumu zaidi. Meli hushusha kikapu cha chuma chenye mfuko wa minyororo, kwa kamba ndefu ya chuma. Kikapu kinakwangua ubavu wa mlima na kuvunja mawe. Kukishusha hadi meta 3,000, kwa mwendo wa meta moja kwa sekunde, ni dakika 50. Kukipandisha ni dakika 50 nyingine. Kati yake kuna kazi ya kukwangua. Wakati mwingine kikapu hunasa mwambani na kamba hukatika, sawa na nanga ya ngalawa ikinasa katika matumbawe. Nacho chaweza kurudi kitupu! Kwa hiyo wapangaji hawasemi, "Tutachukua mawe milima yote." Huchagua michache, ile itakayojibu swali. Wanaotafuta nyayo za koroboi huchagua milima iliyo mwanzo wa mstari, katikati na mwisho.

Mawe hupelekwa maabara kutafutiwa umri. Ndani ya jiwe la volkano mna madini yaitwayo potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo agoni. Jiwe likiwa bado uji wa moto, hewa hiyo hutoroka. Likiganda, hewa hubaki ndani na kuongezeka. Ni kama mtungi uliowekwa chini ya paa linalovuja. Ukijua tone huanguka kila baada ya muda gani, ukipima maji utajua mtungi umekaa hapo tangu lini.

Halafu kuna upepo. Hapa wataalam wa mbali wanaweza kujifunza kwa nahodha yeyote wa Mafia. Kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vya sauti husikia povu la mawimbi badala ya chini ya bahari. Wakati wa kaskazi, huko kusini katika mlango wa bahari wa Msumbiji kuna hatari ya vimbunga, kuanzia Novemba hadi Aprili. Nacho kimbunga huweza kuchelewa. Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia tarehe 4 Mei, 2024. Kipindi kizuri ni Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, wakati wa matlai, kusi imelegea na kaskazi haijashika.

BAHARI INA WENYEWE

Meli haiwezi kuja tu na kuanza kupima. Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ilitiwa sahihi mwaka 1982, na Tanzania iliiridhia mwaka 1985. Kwa sheria hiyo, bahari hadi maili 200 za baharini kutoka pwani, yaani kilometa 370 hivi, ni eneo ambalo nchi ina haki juu ya mali yake na juu ya utafiti unaofanywa humo. Bunge letu lilitunga sheria juu ya eneo hilo mwaka 1989. Mgeni anayetaka kufanya utafiti lazima aombe ruhusa, na maombi yapelekwe angalau miezi 6 kabla. Hapa nchini vibali vya utafiti hushughulikiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kama njia ya meli inaingia bahari ya Komoro au Msumbiji, huko nako kuna maombi mengine. Milima haijui mipaka, lakini karatasi zinaijua.

Sheria hiyo inatupa haki nyingine ambazo watu wengi hawazijui. Nchi yenye bahari ina haki ya kuweka mtaalam wake ndani ya meli. Ina haki ya kupewa taarifa, na kupata sehemu ya mawe na vipimo. Ina haki hata ya kuomba isaidiwe kuelewa maana yake. Mtu anayeandika ukurasa huu anaona kuwa haki hizi ni kama shamba: lisipolimwa huota magugu. Chuo kama Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1978, kinapaswa kuwa na kijana wake katika kila meli ya namna hiyo. Na mwishoni mtu aje Kilindoni, aweke ramani juu ya meza, aeleze kwa Kiswahili walichokiona.

Tena ramani ya milima si ya wataalam peke yao. Mkondo wa maji ukigonga mlima hupanda na kuleta chakula, na samaki hukusanyika, wakiwamo jodari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 meli kubwa za uvuvi ziligundua milima iliyo kusini mwa Bahari ya Hindi. Huko zilivua samaki mmoja mwekundu wa kina kirefu, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 100 na anayechelewa sana kuanza kuzaa. Katika muda wa miaka michache samaki hao walipungua vibaya. Meli ya utafiti ya Dr Fridtjof Nansen ilikwenda kuchunguza milima ya huko Novemba na Desemba, 2009, miaka 10 hivi baada ya meli za uvuvi. Wavuvi walitangulia, wachunguzi wakafuata. Mafia, ambako Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995, watu wanajua ni rahisi kiasi gani kuharibu mwamba, na huchukua muda gani kupona.

Jambo moja la mwisho kwa manahodha. Meli ya utafiti inapokuwa kazini haiwezi kukukwepa. Huenda imeshusha kamba ya chuma, au inavuta nyuma yake waya wa kusikilizia wenye urefu wa kilometa kadhaa, usioonekana juu ya maji. Nyavu na waya huo vikikutana, hasara ni ya pande zote mbili. Kwa hiyo katika kupanga safari, wenye meli wanapaswa kutangaza njia na tarehe zao mapema, ili habari ifike Bweni, Chole, Jibondo na Kilindoni kabla ya meli yenyewe. Nawe ukiwa baharini usiku, tazama taa. Ukiona taa tatu zilizopangwa wima, nyekundu juu, nyeupe katikati na nyekundu chini, meli hiyo inafanya kazi na haiwezi kugeuka upesi. Mchana hutundika alama tatu nyeusi: ya juu na ya chini ni duara kama mpira, na ya katikati ina ncha juu na chini. Usipite karibu na nyuma yake. Zunguka mbali, na kama una nyavu majini upande inakoelekea, anza kuzipandisha mapema.